Motokaa Mpya na Bei Yake

Kila kizazi kina chombo chake cha fahari. Wazee wa pwani walijivunia jahazi lenye tanga jeupe; wazee wa bara walihesabu ng'ombe zizini; kizazi chetu chajivunia motokaa. Kijana akipata kazi, swali la kwanza aulizwalo na rafiki zake si kama amejenga au kama ameweka akiba. Huulizwa kama amenunua motokaa, na akijibu kuwa amenunua, huulizwa ni motokaa gani. Swali hili laonekana dogo, lakini jibu lake huchukua fedha nyingi kuliko kitu chochote kingine ambacho mtu wa kawaida hununua maishani, isipokuwa ardhi na nyumba. Kwa sababu hiyo lastahili kutazamwa kwa utulivu kabla mkono haujaingia mfukoni. Katika insha hii nataka kupima neno moja tu: fedha ambazo mtu hutoa kwa ajili ya motokaa mpya, au motokaa yenye nguvu na kasi kubwa, humrudia kwa namna yoyote, ama hupotelea njiani?

Sisemi haya kwa chuki. Mtu aliyewahi kungoja gari la abiria kando ya barabara, mvua ikimnyeshea na mtoto mgonjwa akiwa mgongoni, hastahili kuambiwa kwamba motokaa ni upuuzi. Chombo hiki kimefupisha masafa, kimewafikisha wazazi hospitali usiku wa manane, na kimefikisha maziwa sokoni kabla hayajaganda. Mimi mwenyewe nina motokaa, nayo si mpya. Niliinunua ikiwa na umri wa miaka 7, nimeishi nayo miaka 11, nami naijua kama mkulima ajuavyo jembe lake: najua mlio wake wa asubuhi ya baridi, najua upande ambao mlango wake hukataa, na najua kilima ambacho hupenda kupandia kwa gia ya pili. Basi nitakayosema yametoka katika kuishi na chombo hicho, si katika kukiona dirishani.

Yafaa tukumbuke kwamba motokaa haikuanza kuwa taji. Mwaka 1908 Henry Ford wa Marekani alitoa motokaa yake mashuhuri iliyoitwa Model T. Bei yake mwanzoni ilikuwa dola 850. Tangu mwaka 1913, alipoanza kuziunda kwa mstari ambao kazi humjia mfanyakazi badala ya mfanyakazi kuifuata kazi, bei iliendelea kushuka, hata katika miaka ya 1920 ikawa chini ya dola 300. Kwa miaka mingi rangi yake ilikuwa moja, nyeusi. Wakulima waliinunua kama walivyonunua plau, kwa kazi.

Lakini ilifika siku ambapo watu wengi waliohitaji motokaa walikuwa nayo tayari. Wenye viwanda wakajiuliza wamuuzie nani. Kampuni ya General Motors, chini ya uongozi wa Alfred Sloan, ilipata jibu katika miaka hiyo hiyo ya 1920. Ilizipanga motokaa zake kwa ngazi za bei na kubadili sura zake mwaka hata mwaka, ili mwenye motokaa nzima isiyo na kasoro aitazame ya jirani yake, kisha aone yake imezeeka. Mwaka 1927 Ford aliacha kuunda Model T. Tangu zama hizo kiwanda huuza vitu viwili pamoja: chombo cha kusafiria na dawa ya wivu. Chombo hudumu miaka mingi, lakini dawa huisha nguvu siku ile jirani anunuapo iliyo mpya zaidi.

Afrika Mashariki haikuchelewa kulijua jambo hili. Baada ya uhuru watu wa kawaida walibuni neno Wabenzi, kana kwamba ni jina la kabila, wakawaita hivyo wakubwa waliopanda Mercedes-Benz. Kabila hilo halikuwa na lugha yake, wala mila zake, wala mahali pake pa asili. Lilikuwa na motokaa tu. Neno lenyewe lilikuwa mzaha, lakini ndani ya mzaha mlikuwa na hukumu. Watu waliokwenda kwa miguu walitambua kwamba mtu aweza kufichwa na gari lake, kiasi ambacho wakati anaposhuka hakuna amjuaye.

Sasa tuje katika soko letu la Kenya. Mtu atakaye motokaa hapa ana njia mbili. Njia ya kwanza ni ile iliyotumika ng'ambo, hasa Japani. Watu wa Japani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, kwa hiyo usukani wa magari yao uko kulia kama wetu. Sheria ya kwao hutaka motokaa mpya ya mtu binafsi ikaguliwe baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Wengi huona heri kuuza waliyo nayo na kununua nyingine. Hivyo motokaa nyingi zilizo nzima huvuka bahari hadi bandari ya Mombasa. Kenya hupokea zile tu ambazo umri wake haujapita miaka 8, nazo hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini. Zikifika hutozwa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, na kodi ya ongezeko la thamani, pamoja na ada nyingine ndogo ndogo.

Njia ya pili ni motokaa mpya. Nyingine huletwa zikiwa kamili, na nyingine huunganishwa papa hapa nchini, katika viwanda vilivyoko Thika, Nairobi na Mombasa. Lakini sehemu kubwa ya magari mapya yanayouzwa Kenya ni ya kazi, yaani malori, mabasi na pikapu. Mtu binafsi atafutaye motokaa ndogo ya jamaa yake, kwa kawaida huangukia ile iliyokwisha kutumika. Hakuchagua hivyo kwa kupenda vikuukuu. Mfuko ndio uliomchagulia.

Natufanye hesabu, maana fedha haisikii maneno matupu. Tuseme motokaa mpya ni shilingi 4,000,000, na nyingine ya namna ile ile iliyotumika miaka 7 ni shilingi 1,500,000. Tuseme pia kwamba kila mwaka motokaa hupoteza 20 kwa mia ya thamani iliyobaki. Nimezichagua hesabu hizi kuwa mfano. Msomaji aweza kuziondoa na kuweka zake. Mwaka wa kwanza ukiisha, motokaa mpya imebaki na thamani ya shilingi 3,200,000. Mwaka wa pili, shilingi 2,560,000. Mwaka wa tano ukiisha, imebaki shilingi 1,310,720. Mwenyewe amepoteza shilingi 2,689,280, ingawa hakupata ajali, hakuibiwa, wala hakufanya kosa lolote. Ile kuukuu, kwa kanuni ile ile, itabaki na shilingi 491,520, maana yake imepoteza shilingi 1,008,480. Tofauti ya hasara hizo mbili ni shilingi 1,680,800. Tukiigawa kwa miezi 60, tutapata zaidi kidogo ya shilingi 28,000 kwa kila mwezi. Fedha hizo hazikununua petroli, wala tairi, wala bima. Zimenunua hali ya kuwa mpya, na hali hiyo ndiyo bidhaa iharibikayo upesi kuliko zote.

Atatokea mtu aseme kwamba nimemsahau fundi. Sikumsahau. Wahenga walisema rahisi ni ghali, na kila mwenye motokaa kuukuu ameonja ukweli wa msemo huo. Amekaa juu ya kigoda gerejini akitazama injini yake ikiwa imetandazwa juu ya gunia kama mfupa wa mnyama. Amezunguka maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, Nairobi, akiulizia kitu ambacho jina lake alilijua asubuhi ile ile. Tena kuna hatari ambazo macho hayazioni: kipimo cha masafa kilichorudishwa nyuma na mikono ya udanganyifu, mwili wa gari uliopondeka kisha ukanyoshwa na kupakwa rangi, maji ya mafuriko yaliyokausha nje yakabaki ndani ya nyaya. Basi haki yataka gharama za fundi ziwekwe mezani. Tuziweke: tuseme kuukuu inamla mwenyewe shilingi 10,000 zaidi kila mwezi kuliko mpya. Bado zimesalia shilingi 18,000 za kila mwezi upande wa yule aliyenunua mpya. Kwa mizani ya fedha peke yake kuukuu imeshinda, ilimradi mnunuzi amepata fundi mwaminifu wa kuikagua kabla ya kulipa, na ameweka akiba ya matengenezo kabla ya kuharibika, si baada.

Lakini mizani ya fedha ndiyo ya kwanza tu. Motokaa mpya ina hoja zake, na hoja zake si za kudharauliwa. Mnunuzi wake ajua historia yake yote, kwa kuwa historia yake inaanza naye. Ana dhamana ya kiwanda, ambayo kwa miaka michache humtoa katika vitisho vya vipuri. Ana breki, mikanda na mifuko ya hewa ambayo hakuna aliyeigusa kabla yake. Kama imeunganishwa nchini, sehemu ya fedha yake imelipa mshahara wa kijana wa Kenya aliyekaza misumari yake. Na kwa mtu ambaye gari ndilo shamba lake, kwa mfano mchukuzi wa maziwa au wa maua yanayongojwa na ndege, siku moja ya kulala barabarani yaweza kumla faida ya mwezi mzima. Mtu wa namna hiyo akinunua pikapu mpya hajanunua fahari. Amenunua uhakika, na uhakika ni bidhaa ya biashara kama nyingine.

Hoja iliyo ngumu kuitetea ni ile ya nguvu na kasi. Ziko motokaa ambazo bei yake huzidi nyingine mara tatu au nne, na sababu yake kubwa ni kwamba zaweza kukimbia kilomita 250 kwa saa. Swali ni hili: zitakimbia wapi? Sheria ya Kenya haimruhusu mwenye motokaa binafsi kupita kilomita 110 kwa saa hata katika barabara kuu iliyo pana kuliko zote, na mjini hamruhusu kupita kilomita 50. Mwenye motokaa hiyo amenunua ghala kubwa ambalo sheria inampa ufunguo wa chumba kimoja tu.

Wala sheria haikutungwa kwa husuda. Wanafunzi wa fizikia wanajua kwamba nishati ya kitu kiendacho hufuata mraba wa mwendo wake. Mwendo ukizidi mara mbili, nishati yazidi mara nne, na masafa yahitajiwayo na breki kukisimamisha huzidi mara nne pia. Natutoe mfano wa safari ya Nairobi hadi Mombasa, ambayo ni kilomita 480 hivi. Mtu aendaye kilomita 100 kwa saa bila kusimama atafika kwa saa 4 na dakika 48. Akivunja sheria na kwenda kilomita 120, atafika kwa saa 4. Ameokoa dakika 48, yaani muda wake umepungua kwa 17 kwa mia hivi. Lakini nishati itakayokutana naye siku ya mgongano imeongezeka kwa 44 kwa mia. Hiyo ni biashara mbaya. Tena ni hesabu ya kitabuni, kwa maana barabara ile ina malori, ina vijiji, ina ng'ombe na wanafunzi wanaovuka, na zile dakika 48 humezwa na lori moja lililoharibika kilimani.

Kama yuko anayedhani kwamba ushindi huenda kwa chombo kipya na cha bei, historia ya nchi yetu ina jibu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakapita katika matope na vumbi la Kenya, Uganda na Tanganyika, nayo yalivunja magari mengi ya viwanda vikubwa. Mwaka 1965 mashindano hayo yalishindwa na ndugu wawili wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh. Walipanda Volvo PV544, motokaa ambayo umbo lake hata siku zile lilikuwa la zamani. Tena ile yao haikuwa mpya, bali ilikuwa imekwisha kutumika katika mashindano kabla haijafika mikononi mwao. Joginder alikuwa fundi wa motokaa. Alijua mlio wa kila sehemu na maana ya kila mtetemo. Alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976, mara hizo akiwa na Mitsubishi Lancer. Sisemi kwamba chombo si kitu. Nasema kwamba mkono ujuao chombo huongeza thamani yake kuliko cheti cha duka.

Nimewaona watu wawili walionunua motokaa kwa fedha nyingi, nao wamenifundisha zaidi ya hesabu zote nilizozitaja. Wa kwanza alikuwa kijana niliyefanya kazi naye. Alikuwa mtu mwema, hodari wa kazi, mwenye mshahara wa kutosha na mdogo wake wa kike chuoni ambaye karo yake ilikuwa juu yake. Alikopa shilingi 3,000,000 benki, kwa riba ya 15 kwa mia, alipe kwa miaka 4, akanunua motokaa nyekundu yenye injini kubwa ambayo mlio wake ulitangulia kufika kuliko yeye. Mkopo wa namna hiyo hudai zaidi kidogo ya shilingi 83,000 kila mwezi, na riba yake yote hupita shilingi 1,000,000. Kila asubuhi alitoka Thika kwenda Nairobi na motokaa yake iwezayo kushindana na upepo, akatambaa nayo katika msongamano nyuma ya mikokoteni. Mwaka wa pili petroli ilipopanda bei, na tairi zake pana zikahitaji kubadilishwa, alianza kukosa malipo. Mwisho wake mnajua: madalali walikuja kuichukua mbele ya majirani. Lakini hasara yenyewe haikuwa pale langoni. Yule binti alikaa nyumbani mwaka mzima bila masomo, akiuza mboga pamoja na mama yao, na aliporudi chuoni wenzake walikuwa wamekwisha kumtangulia. Kijana yule hajapata kunitajia motokaa ile tena. Humtaja dada yake.

Wa pili ni baba yangu mdogo, mwalimu mstaafu wa vilima vya Taita. Alipopata kiinua mgongo chake alikuwa na mpango wa kujenga vyumba vya kupangisha mjini Voi, na msingi ulikwisha kuchimbwa. Mwaka huo mama mdogo aliugua figo, akaamriwa kwenda hospitali ya mjini mara mbili kila juma ili damu yake isafishwe. Baba mdogo aliniita, akaniambia, "Mwanangu, wewe ni mtu wa hesabu. Nipe hesabu, lakini uamuzi niachie mimi." Nikamwandikia karatasi moja: motokaa mpya ndogo upande huu, kuukuu upande huu, na chini yake kodi ambayo vile vyumba vingemletea. Aliisoma polepole kama alivyokuwa akisahihisha madaftari, akaikunja, akasema, "Hesabu yako ni sahihi. Lakini hukuuandika mlima."

Nilimwelewa. Barabara ya kwao huteremka na kupanda kwa mikunjo mikali, na siku za mvua ukungu huifunika. Mama mdogo aliporudi kutoka hospitali alikuwa dhaifu kiasi cha kushindwa kushika kikombe, na jambo aliloliogopa kuliko ugonjwa wenyewe ni kukwama gizani katika mkunjo mmoja wa mlima, akiwa katika hali ile, akingoja fundi. Baba mdogo akanunua mpya, ndogo, ya rangi ya kijivu, isiyogeuza macho ya mtu. Vyumba vya Voi vikabaki msingi. Kwa miaka 3 walishuka na kupanda mlima ule mara mbili kila juma, safari zaidi ya 300, na hakuna siku hata moja waliyokwama. Katika mwaka wa nne mama mdogo alifariki, nyumbani kwake, mchana, watoto wake wakiwapo.

Wako katika jamaa yetu wanaomlaumu hata leo. Husema kwamba motokaa kuukuu iliyo njema ingefika pia, na vyumba vingekuwa vimesimama vikileta kodi, naye asingehitaji msaada wa watoto uzeeni. Huenda wamesema kweli. Mimi ndiye niliyeandika karatasi ile, nami najua tarakimu zilikuwa upande gani. Hata hivyo sioni kwamba alipunjwa. Alijua bei, alijua alichokiacha, na alijua ananunua nini. Alinunua safari 300 zisizokuwa na hofu kwa ajili ya mtu mmoja, na alizipata zote. Yule kijana wa motokaa nyekundu alitoa fedha zisizokuwa zake, kwa kitu asichokijua jina, kutoka kwa watu ambao hakujua kama hawakupata. Kwa dalali motokaa zote mbili zilikuwa chuma kilichoshuka thamani. Tofauti yake ilikuwa kwa wenye kuzinunua.

Kwa hiyo nikiulizwa kama motokaa mpya ina thamani ya fedha zake, sitajibu ndiyo wala la kabla sijauliza mambo matatu. La kwanza, itafanya kazi gani ambayo iliyotumika haiwezi kuifanya? Kama kazi hiyo yatajika kwa maneno machache na jirani akaielewa, kuna hoja. La pili, fedha zatoka wapi, na nani mwingine alikuwa akizitegemea? Mali ya mtu mmoja katika nchi yetu mara nyingi ina wenyewe wengi, hata kama jina lililoko benki ni moja. La tatu, kama watu wote njiani wangekuwa vipofu, angalitaka motokaa ile ile? Swali hili la tatu ni kali, na wengi hulikimbia, lakini ndilo linalotenga chombo na dawa ya wivu.

Enyi vijana mnaosoma ukurasa huu, siku yenu ya kununua haijafika, lakini itafika upesi kuliko mnavyodhani, nanyi mtazungukwa na wauzaji wenye maneno matamu na mikopo mepesi kuchukua. Siku hiyo shikeni kalamu kabla ya ufunguo. Andikeni bei, ondoeni thamani itakayobaki baada ya miaka 5, mgawe hasara kwa fedha zinazowabakia kila mwezi baada ya chakula, kodi ya nyumba na karo. Mtu anayebakiwa na shilingi 25,000 kwa mwezi, akichagua mpya badala ya kuukuu katika mfano wetu wa awali, atakuwa ametoa akiba ya miezi 67, zaidi ya miaka 5 na nusu ya kuamka alfajiri. Na ajiulize kama yu radhi kuifanya kazi ya miezi hiyo yote kwa ajili ya tofauti hiyo. Akijibu kwamba yu radhi, na sababu yake ni njema, na ainunue kwa moyo mkunjufu, wala asiombe radhi kwa mtu. Akisita, basi na atafute iliyotumika iliyo nzima, apate na fundi mwaminifu, aiweke safi na kuiendesha kwa utaratibu. Barabara ni moja kwa zote mbili, na Mombasa haisogei.